Tundu la Pili

Kufikia mchana wa Jumatatu, dunia nzima ilikuwa imekwisha kumhukumu Hagop Terzian, isipokuwa Sajini Lourdes Quintanar. Waandishi wa habari walijazana nje ya kituo cha polisi cha Costa Parda, wakipaza sauti kushindana na ndege zinazoshuka kwenda kutua Los Angeles. Walitangaza kwamba ufunguo wa intaneti umeibwa na mwenye nao ameuawa. Habari tamu haina breki. Ndani ya kituo, Luteni Prewitt alikuwa amesimama mbele ya televisheni, donati mkononi, anajitazama mwenyewe akihojiwa.

"Lourdes, mwendesha mashtaka anataka jibu kabla ya jioni," alisema bila kugeuka. "Nimwambie nini? Kwamba bado tunakunywa kahawa?"

"Mwambie bado tunafikiri."

"Tunafikiri nini tena? Marehemu Stadler alikuwa na ufunguo shingoni, umebaki mkufu mtupu. Terzian kagombana naye asubuhi ile ile, jirani kasikia kwa masikio yake. Na mfukoni kakutwa na ufunguo ambao hataki kusema ni wa nini. Wewe unataka ushahidi ushuke na malaika?"

"Ufunguo wa Terzian ni wa shaba na hauna namba, Luteni. Shirika la majina ya intaneti wamesema si wao. Wao funguo zao ni za chuma cha pua, na kila mmoja umepigwa namba."

"Basi huo wa Stadler kauficha. Kamshike vizuri, ataeleza."

Quintanar alichukua jalada akatoka. Alikuwa amelisoma mpaka amelichoka. Orrin Stadler, mhandisi mstaafu, mjane wa miaka sabini na minane, alikutwa na bintiye Jumamosi jioni amelala sakafuni jikoni kwake, amekufa. Vidole vimechubuka. Pembeni yake kulikuwa na nyundo na sanduku la chuma lililobondwabondwa lakini halikufunguka. Sanduku lilikuwa na makufuli mawili: la kushoto lina ufunguo ndani, la kulia limeharibiwa kwa nyundo. Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama. Prewitt alisema moyo wa mzee hausimami wenyewe mbele ya nyundo, na sheria ya California haimsamehe mwizi ambaye mwenye mali amefia mikononi mwake.

Ule ufunguo wa shingoni ndio uliowaleta waandishi. Mtu akiandika jina la tovuti, mashine yake huulizia njia. Huulizia kwa mkubwa, na kwa mkubwa wa mkubwa, mpaka ifike kwenye orodha moja fupi iliyo juu ya zote, ambayo wenyewe wanaiita mzizi. Mara kadhaa kwa mwaka wateule fulani hukusanyika katika chumba kisicho na dirisha, karibu na hapo hapo Costa Parda, ili mzizi huo utiwe sahihi ya kuuthibitisha. Kila mteule huja na ufunguo wake, hufungua kisanduku chake ndani ya kasha kuu, hutoa kadi yake. Kadi moja haifanyi kitu. Lazima wawepo kadhaa, na wote waonane kwa macho. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hiyo ndiyo dini ya watu wale, na Stadler alikuwa mmoja wa walioiandika.

Asubuhi Quintanar alikuwa amempigia mama mmoja wa Shirika kumuuliza, hivi mtu akiupata ufunguo wa Stadler, atafanya nao nini?

"Atauning'iniza ukutani," yule mama alijibu, sauti imechoka kwa kulia. "Sisi tutatoboa kisanduku, tutaweka kufuli jipya, basi. Na Hagop anajua hilo kuliko mimi. Kanuni waliziandika wawili."

Basi nani aue kwa ajili ya kidole kimoja? Ni mjinga tu, na Terzian hakuwa mjinga.

*

Alimkuta ameketi wima katika chumba cha mahojiano, mikono juu ya meza, ndevu nyeupe hazijachanwa. Mbele yake kikombe cha karatasi kilikuwa kimejaa vile vile kilivyoletwa.

"Hujanywa, Mzee Terzian."

"Binti yangu, haya ni maji yaliyooshea sufuria. Mtu akikiri kosa hapa, mjue anakimbia kahawa yenu."

Quintanar alitabasamu kidogo, akaketi. "Jirani anasema ulimpigia Bwana Stadler kelele. Ulimwambia, 'Utakufa na ufunguo wako huo.'"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kichwa ngumu. Alikuwa kichwa ngumu." Alikwama hapo kidogo, kama mtu aliyejikwaa. "Wiki iliyopita nilisimama kwenye mkutano wa Shirika. Nikasema mzizi umekaa mahali pamoja mno. Ofisi moja, sheria ya nchi moja. Kesho akija mkubwa mmoja mwenye hasira, atafunga bomba, na nchi nzima zilale gizani. Nikasema tuugawe. Nakala kila pembe ya dunia, kila moja ijisimamie."

"Na yeye?"

"Akasimama mbele ya watu wote akaniita msaliti. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, akasema. Mizizi ikiwa mingi, jina moja litakuwa na watu wawili, na hapo intaneti itakuwa soko la matapeli." Alitikisa kichwa. "Si kwamba alikosea kabisa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi."

"Mlijuana muda mrefu."

"Nilitoka Beirut na begi moja na Kiingereza cha kuombea maji. Aliyenipa kazi ni Orrin. Aliyesimama kwenye harusi yangu ni Orrin. Mke wangu alipougua, aliyekuwa analala kwenye kiti cha hospitali ili mimi nikaoge ni huyo huyo. Unaniuliza kama nimemuua? Niulize kama nimejikata mkono."

"Nakuuliza kuhusu huu." Aliweka mezani mfuko wa nailoni wenye ule ufunguo mdogo wa shaba. "Ni wa nini?"

"Hiyo si siri yangu. Mwenye siri akinipa ruhusa, nitasema."

"Mwenye siri amekufa."

"Basi ruhusa haipo."

Quintanar aliacha ndege ipite juu ya paa. "Jirani anasema tena kwamba unakwenda pale kila asubuhi na kila jioni. Jua, ukungu, sikukuu. Hata baada ya kuitwa msaliti. Mnafanya nini?"

"Tunakunywa kahawa. Ya kweli."

"Hata mkiwa mmenuniana?"

"Hasa tukiwa tumenuniana."

"Jumamosi mchana alikupigia simu. Akarudia. Akarudia tena. Hukupokea."

Mzee alitazama mikono yake. "Nilikuwa Glendale kwa dada yangu, tunakula. Niliiona simu inawaka. Nikasema, huyu anataka kuendelea na ubishi wa asubuhi. Mwache angoje mpaka jioni, labda atajifunza kuomba radhi. Nikaifunika kwa kitambaa cha meza." Akainua macho. "Jioni nilikwenda. Nilimchukulia lahmajun, zile chapati za nyama anazozipenda, bado za moto. Polisi wenzako wakanikamatia kwenye ngazi, mfuko ukaanguka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia amekufaje. Aliteseka?"

"Moyo, mzee."

"Haraka?"

Quintanar hakupenda kumdanganya. Alikusanya karatasi zake akatoka.

*

Rosalind Stadler alimfungulia mlango kabla hajagonga. Alikuwa ameendesha gari kutoka Sacramento kuja kumsalimia baba yake, akamkuta vile, na tangu siku hiyo alikuwa hajatoka ndani ya nyumba ile. Ukungu wa Juni ulikuwa haujainuka. Jikoni taa zilikuwa zinawaka mchana.

"Nambie kitu kimoja tu, Sajini," alisema. "Ameuawa au hakuuawa? Maana Mzee Hagop ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na mimi tangu juzi namlaani. Kama si yeye, nataka kujua leo, si kesho."

"Ndiyo maana nimekuja. Baba yako alikuwa na ugonjwa wa moyo?"

"Muda mrefu. Anameza vidonge kama karanga."

"Viko wapi?"

Walitafuta pamoja. Kabati la bafuni lilikuwa na dawa ya meno na kichana. Droo ya kando ya kitanda ilikuwa na miwani. Jikoni kulikuwa na buni, sukari, kibiriki cha shaba cha kupikia kahawa ya Kiarmenia, na vikombe viwili vidogo vimegeuzwa juu ya kitambaa. Mzee mwenye moyo mbovu, na nyumba nzima haina kidonge hata kimoja.

"Mwizi ameiba dawa?" Rosalind aliuliza.

"Aache televisheni achukue dawa? Hebu niambie, baba yako alilazwa hospitali hivi karibuni?"

"Mwezi wa Machi. Alisema ni tumbo. Mzee Hagop ndiye aliyempeleka, hawakunipigia mpaka alipotoka." Alikaa kwenye kiti. "Sajini, kuna jambo. Siku ya kuzaliwa kwangu alinipigia akaniita Judith. Judith ni mama yangu, amekufa siku nyingi. Nikacheka. Nilidhani ananitania."

Quintanar alitazama kaunta, mahali ambapo lile sanduku lilikuwa limekaa kabla ya kuanguka. Vumbi lilikuwa limechora mraba wake. Mbele ya mraba kulikuwa na viti viwili virefu, kimoja kushoto, kimoja kulia, vimekaribiana kama vya wachezaji wa bao. Asubuhi na jioni, alijiambia. Kitu gani kinafanywa asubuhi na jioni, jua, ukungu na sikukuu, hata na mtu uliyemnunia?

Alipiga magoti, akawasha tochi, akaanza kutambaa. Vijana wa kituoni walipekua nyumba hii wakitafuta kilichoibwa. Yeye alikuwa anatafuta kilichobaki. Chini ya jiko, nyuma ya mguu wa mbele, tochi ilipiga kitu kikang'aa. Alikivuta kwa kalamu.

Kilikuwa kichwa cha ufunguo. Chuma cha pua, kimekatika shingoni, kimepigwa namba.

Rosalind alikitambua kabla hajaambiwa. "Huo ndio alikuwa analala nao! Anaoga nao! Nani ameuvunja?"

"Nipe dakika moja," Quintanar alisema, na simu ilikuwa tayari sikioni. "Halo, chumba cha vielelezo? Lile sanduku la Stadler. Chukua lenzi, tazama tundu la pili. Hapana, usiniambie limeharibika kwa nyundo, najua limepigwa nyundo. Nataka kujua ndani kuna nini."

Alisubiri. Nje ndege ilipita chini sana, vikombe viwili vikagongana polepole.

"Kuna kipande cha chuma kimekwama, Sajini," sauti ilisema. "Kama meno ya ufunguo."

*

Fundi alikitoa kile kipande kwa koleo nyembamba, kwa subira ya mtoa mwiba. Akakilinganisha na kichwa. Vilikutana bila pengo. Luteni Prewitt alikuwa amesimama nyuma yao, amekunja mikono.

"Kwa hiyo?" alisema. "Mwizi kaupora shingoni, kajaribu kufungulia sanduku, umemvunjikia."

"Mwizi aliyekuja kuiba ufunguo wa intaneti, Luteni, akautumia kufungulia bati la jikoni? Tena auache?" Quintanar alitoa ule ufunguo wa shaba kwenye mfuko. "Naomba."

Aliuingiza kwenye tundu la pili. Ulikataa kidogo kwa sababu ya zile nyundo, kisha ukazunguka. Kifuniko kikainuka.

Ndani kulikuwa na vidonge. Vya asubuhi upande mmoja, vya jioni upande wa pili, vimepangwa kwa mkono wa mtu mwenye kupenda mpangilio. Na pembeni, peke yake, kichupa kidogo cha vile vidonge vinavyowekwa chini ya ulimi kifua kinapobana. Kilikuwa kimejaa.

Prewitt alivua miwani yake akaifuta, na haikuwa na uchafu.

"Alikuwa peke yake," Quintanar alisema mwishowe. "Hakuna mtu aliyeingia. Kifua kilibana, akaliendea sanduku hili, akazungusha ufunguo wake. Akampigia mwenye ufunguo wa pili. Akapiga tena. Akachukua nyundo. Nyundo ikashindwa, akavua ule wa shingoni."

"Lakini ule haukuwa wa hapo. Alijua haukuwa wa hapo."

"Sijui alikuwa anajua nini wakati ule, Luteni. Na kama alijua, ndio uliokuwa umebaki."

"Mtu mzima na akili zake anapiga simu ya dharura!"

"Mtu mwingine yeyote, ndiyo."

Prewitt alitazama mlango wa chumba cha mahojiano. "Nitamwambia mwendesha mashtaka hakuna kesi," alisema kwa sauti ndogo. "Na yule binti nitampigia mimi. Wewe kamwambie mzee. Mimi hili siliwezi."

*

Quintanar aliliweka sanduku mezani, wazi, bila utangulizi. Alikuwa ametafuta utangulizi njiani koridoni, hakuupata.

Terzian alilitazama. Akaziona alama za nyundo, akazigusa moja moja. Kisha akakiona kile kichupa kimejaa, na sura yake ikazeeka pale pale, Quintanar anaona.

"Alikuwa ananipigia kwa ajili ya hili," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Si ubishi."

"Si ubishi."

Terzian alianza kusema, taratibu, kwa sababu sasa siri haikuwa na wa kumlinda. Tangu mwaka jana Orrin alikuwa anasahau. Mwezi wa Machi alimeza dawa za asubuhi, akasahau, akameza tena, na tena, karibu afe. Aliogopa Shirika wakijua watamvua uteule. Akasema dawa ya hilo tunaijua sisi wenyewe: sanduku moja, makufuli mawili, watu wawili. Asimeze kitu bila mwenzake kuona.

"Nilimwambia, Orrin, hivi vya chini ya ulimi tuviache nje. Kimoja mfukoni, kimoja kwenye gari, kimoja kwa jirani. Vitawanye! Alinijibu nini unadhani?" Aligonga kifuniko kwa kidole. "'Hagop, kanuni yenye mlango wa nyuma si kanuni.' Tulibishana juu ya vidonge kama tulivyobishana juu ya dunia. Na mimi nikamwachia ashinde, kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Kwa kuwa nilijua nitapokea simu."

"Kwa nini hakupiga ya dharura, mzee?"

"Kwa sababu nilimfundisha! Kila asubuhi nilimwambia arudie, ili asisahau. 'Ukitaka kufungua, unampigia nani?' 'Nampigia Hagop.' 'Asipopokea?' 'Nampigia tena Hagop.' Binti yangu, alikuwa amesahau jina la mtoto wake. Hilo hakulisahau."

"Uko huru kwenda. Hakuna mashtaka."

"Andika kwamba nilimuua."

"Siwezi."

"Niliiona simu ikiwaka. Niliifunika kwa kitambaa, kwa mkono wangu huu. Andika hivyo."

"Sheria haina kifungu cha simu isiyopokelewa, Mzee Terzian."

"Basi ni sheria mbovu."

Alisogeza kiti ili asimame, lakini hakusimama. Dirishani mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa jioni, saa ambayo kwa kawaida angekuwa anachemsha maji kwenye jiko la mwenzake. Alivuta sanduku karibu, akafunga kifuniko polepole. Quintanar alinyoosha mkono kumzuia, maana kilikuwa kielelezo, kisha akaurudisha.

"Haliachwi wazi," mzee alisema. "Likifunguliwa, linafungwa na wote wawili. Ndiyo kanuni."

Akashika ule ufunguo wa shaba kwenye tundu la kulia, akauzungusha, akatulia. Hakumtazama Quintanar. Alikuwa anatazama tundu la kushoto, akingoja, kama alivyozoea, mkono wa mwenzake.

Mkono haukuja. Quintanar alizunguka meza, akaketi kwenye kiti cha kushoto, akazungusha ufunguo wa Orrin Stadler.

"Tayari," alisema.

"Asante, kaka," mzee akajibu, kama kila jioni, kisha akaufunika uso wake kwa mikono.